Jinsi ya kupima mchango wa mchezaji wa kikapu kwenye matokeo: kutoka plasi-mainasi hadi RAPM

Jedwali la takwimu linalotoka baada ya mchezo humhesabu aliyegusa mpira mwishoni: nani kafunga, nani katoa asisti, nani kaokota ribaundi. Halimwoni aliyeweka kizuizi kilichomwacha mfungaji huru, wala beki aliyemfanya mpinzani aghairi kuingia chini ya kikapu. Shane Battier, enzi zake Houston Rockets, hutajwa sana kwa sababu hiyo: pointi chache, ribaundi za kawaida, lakini timu ilikwenda vizuri zaidi akiwa uwanjani. Vipimo vya mchango viliundwa ili kuwanasa wachezaji wa namna hiyo. Vyote vinauliza jambo moja: pointi zilikwendaje mchezaji huyu alipokuwa ndani, na katika hizo ngapi ni zake yeye mwenyewe?

Nusu ya kwanza ya swali ni kujumlisha na kutoa: hiyo ndiyo plasi-mainasi, yaani pointi za timu yake toa za wapinzani akiwa uwanjani. Nusu ya pili, inayojibiwa na RAPM (regularized adjusted plus-minus, plasi-mainasi iliyorekebishwa), ndiyo inayochosha kichwa, na ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Unachohitaji

Kumbukumbu ya matukio, yaani orodha ya kila tukio la mchezo pamoja na saa ya ubao, alama na majina, mabadiliko yakiwemo. NBA inazo za wazi kuanzia msimu wa 1996-97, na mashindano mengi ya FIBA huzichapisha mtandaoni. Kama ligi unayoifuatilia haina, mtu mmoja mwenye daftari anatosha: kila badiliko linapotokea anaandika saa, alama za timu zote mbili, aliyetoka na aliyeingia, na kila shambulizi linapoisha anapiga kijistari upande wa timu husika.

Lahajedwali itakufikisha mpaka hatua ya nne. Kuanzia ya tano tumia lugha ya programu kama Python au R.

Hatua ya 1: Kata mchezo vipande

Kipande ni muda wowote ambao wachezaji wote kumi walio uwanjani hawabadiliki. Akitoka mmoja, wa upande wowote, kipande kinafungwa na kingine kinaanza. Kila kipande kipate mstari wake: watano wa timu A, watano wa timu B, umiliki wa mpira wa kila timu, pointi za kila timu, na timu ipi iko nyumbani.

Kazi inaonekana nyepesi hadi uifanye. Tatizo la kwanza ni mwanzo wa robo. Makocha hubadilisha kikosi wakati wa mapumziko, na kumbukumbu nyingi haziandiki nani ameanza robo ya pili, ya tatu au ya nne. Inabidi uwabaini kwa matukio: anayetajwa kwa tendo lolote kabla ya kuandikwa kuwa ameingia, au anayetoka bila kuwahi kuingia, ndiye aliyeanza. Aliyecheza robo nzima bila kuandikiwa chochote hatatokea popote. Ukijikuta na wachezaji wanne, linganisha dakika ulizohesabu na dakika za jedwali rasmi. Atakayepungukiwa dakika 10 au 12 kamili ndiye unayemtafuta.

Tatizo la pili ni mitupo huru. Faulo inapigwa, mtupo wa kwanza unaingia, kocha anabadilisha mchezaji, mtupo wa pili unaingia. Pointi ile ya pili ni ya kikosi kilichokuwepo faulo ilipotokea. Anayeingia katikati ya mitupo hana hatia. Ukimwandikia −1 kila mara, mabeki wanaoingizwa mwishoni mwa robo kwa ajili ya shambulizi moja tu wataonekana wabaya kuliko walivyo.

Pointi za faulo ya kiufundi hazitokani na mpangilio wa watano walioko uwanjani. Ziondoe, lakini baada ya kufanya ukaguzi ufuatao.

Jumla ya plasi-mainasi za wachezaji wote wa timu moja lazima iwe mara tano ya tofauti ya mwisho. Timu ikishinda kwa 8, jumla ni +40, si +38 wala +41. Dakika nazo: mchezo wa FIBA wa dakika 40 unatoa dakika 200 za wachezaji kwa kila timu, wa NBA wa dakika 48 unatoa 240, na kila muda wa nyongeza unaongeza 25. Hesabu isipokubali, usisonge mbele. Kosa la mchezaji mmoja katika robo moja linahamia kwa wenzake wote wanne.

Hatua ya 2: Gawanya kwa umiliki, usigawanye kwa dakika

Timu inayokimbia hufunga nyingi na kufungwa nyingi. Ukipima kwa dakika utasifu mashambulizi yake na kulaumu ulinzi wake, na yote mawili yatakuwa kasi tu. Ndiyo maana kila kitu hupimwa kwa umiliki 100.

Umiliki unaanza timu inapoupata mpira na kuisha inapofunga, inapoupoteza, mpinzani anapookota ribaundi, au mtupo huru wa mwisho unapoingia. Ribaundi ya kushambulia haifungui umiliki mpya; inaendeleza ule ule. Wanaokosea hapa huishia kuiona timu yenye nguvu chini ya kikapu kuwa na mashambulizi butu, kwa sababu kila mpira wa pili wameuhesabia nafasi mpya.

Ukiwa na jedwali la kawaida tu, tumia makadirio haya:

Umiliki = mitupo yote ya uwanjani + (0.44 × mitupo huru) − ribaundi za kushambulia + mipira iliyopotezwa

Hiyo 0.44 ipo kwa sababu si kila mitupo huru miwili hufunga umiliki mmoja. Kuna mtupo mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kilichoingia, kuna mitatu baada ya faulo nje ya mstari wa pointi tatu, kuna ya kiufundi. Ingekuwa ni miwili miwili siku zote tungetumia 0.5.

Tuseme timu imetupa mara 62, ina mitupo huru 18, ribaundi za kushambulia 9, na imepoteza mipira 13. Hiyo ni 62 + 7.92 − 9 + 13 = 73.92. Ikiwa ilifunga pointi 78, ufanisi wake ni 78 ÷ 73.92 × 100, yaani pointi 105.5 kwa umiliki 100.

Fomula hiyo ni ya mchezo mzima au msimu. Usiitumie kwenye kipande cha dakika mbili. Huko hesabu umiliki mmoja mmoja kutoka kwenye kumbukumbu. Na umiliki ulioanza zikiwa zimebaki sekunde tatu au chini kabla ya kengele ya robo uondoe, kwani mtu hurusha mpira kutoka katikati ya uwanja na hakuna kikosi kinachostahili lawama kwa hilo.

Hatua ya 3: Akiwa ndani, akiwa nje

Jumlisha vipande vyote alivyocheza, kisha vyote vya timu yake ambavyo hakucheza. Chukua mchezaji wa kubuni:

Akiwa ndani: umiliki 1,200 kila upande, timu imefunga 1,332 (111.0 kwa 100), imefungwa 1,284 (107.0). Tofauti ni +4.0.

Akiwa nje: umiliki 600, imefunga 636 (106.0), imefungwa 666 (111.0). Tofauti ni −5.0.

Ndani kutoa nje: +9.0. Wengi husimama hapa na kutangaza kwamba mchezaji huyu ana thamani ya pointi tisa. Bado.

Kabla ya hata kufika kwenye makosa ya hesabu, angalia pointi hizo zimetoka wapi. Dean Oliver, mtaalamu wa takwimu za kikapu, aligawa ufanisi wa timu katika mambo manne na kuyapa uzito: ubora wa mitupo asilimia 40, kutopoteza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Ubora wa mitupo hapa ni vikapu vilivyoingia jumlisha nusu ya vile vya pointi tatu, gawanya kwa mitupo yote ya uwanjani. Hesabu manne hayo kwa kila upande, mchezaji akiwa ndani na akiwa nje. Sentaa ambaye ulinzi unaimarika akiwepo kwa sababu wapinzani hawapati ribaundi za pili ana hadithi inayoeleweka. Gadi mfupi ambaye ulinzi wa timu unaimarika akiwepo kwa sababu tu wapinzani wamekosa mitupo ya mbali, huyo mtilie shaka.

Hatua ya 4: Pima bahati kabla ya kumpima mtu

Umiliki mmoja huleta pointi 0, 1, 2 au 3, mara chache zaidi. Kwa mgawanyo wa kawaida wa matokeo hayo, mkengeuko sanifu wa umiliki mmoja, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni karibu 1.16. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 1.35, na kwa kuwa kuna pande mbili, shambulizi na ulinzi, inakuwa 2.7. Kosa la tofauti ya pointi kwa umiliki 100 ni hivi:

Kosa = 100 × √(2.7 ÷ idadi ya umiliki wa kila upande)

Umiliki 500: 7.3
Umiliki 1,000: 5.2
Umiliki 2,000: 3.7
Umiliki 5,000: 2.3
Umiliki 10,000: 1.6

Rudi kwa mchezaji wetu. Akiwa ndani kosa ni 4.7, akiwa nje ni 6.7. Kosa la tofauti kati ya namba mbili hupatikana kwa kuyazidisha yote mawili kwa yenyewe, kuyajumlisha na kutafuta kipeo cha pili: 8.2. Kwa hiyo ile +9.0 ni +9.0 kwa kosa la 8.2 juu au chini, na hilo ni kosa la kawaida, si la juu kabisa. Angeweza kuwa mchezaji wa wastani kabisa aliyebahatika.

Kwa mchezo mmoja ndiyo kabisa. Aliyecheza umiliki 50 ana kosa la karibu pointi 23 kwa umiliki 100, sawa na pointi 11 au 12 halisi za ubaoni. Plasi-mainasi ya +11 katika mchezo mmoja haisemi kitu. Na bado ndiyo namba inayotajwa kila usiku.

Sehemu ya bahati hiyo inaweza kupunguzwa. Mchezaji ana uwezo mdogo sana juu ya asilimia ya mitupo ya pointi tatu ya wapinzani wake, na juu ya mitupo yao huru hana uwezo wowote. Tuseme katika umiliki wake 1,200 wapinzani walitupa mara 200 kutoka mbali wakaingiza asilimia 30, wakati wastani wa ligi ni 36. Vikapu 12 pungufu, pointi 36, yaani pointi 3.0 kwa kila umiliki 100. Theluthi nzima ya +9.0 imetokana na wapinzani kukosa. Marekebisho ni haya: badala ya matokeo halisi ya mitupo huru ya wapinzani, weka asilimia ya kawaida ya kila mtupaji; kwa mitupo yao ya pointi tatu, changanya matokeo halisi na wastani, huku wastani ukipewa uzito mkubwa. Usiguse idadi ya mitupo ya pointi tatu waliyopata. Kuwazuia wasipate nafasi ya kutupa ni kazi ya ulinzi; kukosa kwao baada ya kupata nafasi ni jambo lao.

Kisha ondoa dakika ambazo mchezo umekwisha ila saa bado inakwenda. Ben Falk, kwenye tovuti yake ya Cleaning the Glass, anatumia kigezo kinachofaa kuigwa kwa NBA: robo ya nne, tofauti ya 25 au zaidi zikiwa zimebaki dakika 12 hadi 9, ya 20 au zaidi dakika 9 hadi 6, ya 10 au zaidi baada ya hapo, na wachezaji wa kikosi cha kwanza walioko uwanjani kwa timu zote mbili wasizidi wawili. Sharti hilo la mwisho ndilo muhimu. Bila hilo utafuta pia vipande ambavyo nyota bado wanarudisha mchezo. Kwa robo ya dakika kumi itabidi usogeze mipaka ya muda.

Hatua ya 5: Mtenganishe na wenzake

Hata ukiwa na umiliki milioni moja, ndani-kutoa-nje haitakuambia kama mchezaji ni mzuri au anacheza pembeni ya mtu mzuri. Gadi wa akiba anayeingia kila nyota wa timu anapotoka atabeba mzigo wa nyota huyo kutokuwepo. Na mchezaji ambaye mbadala wake ni dhaifu ataonekana shujaa.

Jibu ni kuwapima wachezaji wote wa ligi kwa pamoja. Wayne Winston na Jeff Sagarin walijenga mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya Dallas Mavericks mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dan Rosenbaum akachapisha mbinu yake hadharani mwaka 2004, na Joe Sill akaitia breki iliyohitajika mwaka 2010 katika kongamano la takwimu za michezo la Sloan, MIT. Toleo hilo la mwisho ndilo RAPM.

Panga data hivi. Kila kipande ni mstari. Kila mchezaji ana safu yake: +1 akiwa uwanjani upande wa nyumbani, −1 akiwa uwanjani upande wa wageni, 0 akiwa hayupo. Jibu unalotaka kulieleza ni tofauti ya pointi kwa umiliki 100, na uzito wa mstari ni idadi ya umiliki. Kinachofuata ni rigresheni, hesabu inayokadiria mchango wa kila safu kwenye jibu. Namba yake isiyobadilika itakuwa faida ya uwanja wa nyumbani; kwa mashindano yanayochezwa uwanja usio wa timu yoyote, iondoe.

Ukitaka shambulizi na ulinzi vitengane, kila kipande kinakuwa mistari miwili, mmoja kwa kila timu ikishambulia, na kila mchezaji anapata safu mbili. Wachezaji 450 wanakuwa safu 900. Washambuliaji watano wanaandikiwa +1, walinzi watano −1, ili mlinzi mzuri naye apate namba chanya.

Sasa uone kwa nini rigresheni ya kawaida haifai. Chukua wachezaji wawili tu, A na B, na tuchukulie wengine wote ni wa wastani. Wamecheza pamoja umiliki 900 kwa +10. Kama hakuna data nyingine, jibu la kawaida halipo: A anaweza kuwa +10 na B sifuri, au A +40 na B −30, hesabu inakubali vyote. Ongeza umiliki 300 wa A bila B kwa +8, na 300 wa B bila A kwa −1. Rigresheni ya kawaida sasa inatoa A = +9.3 na B = +0.3. Inajiamini mno kwa vipande viwili ambavyo kila kimoja, ukitumia fomula ya hatua ya nne, kina kosa la pointi 9.5.

Rigresheni ya riji inaongeza adhabu: kadiri makadirio yanavyokwenda mbali na sifuri, ndivyo yanavyolipa. Ukubwa wa adhabu ni lamda. Ukiweka lamda 1,000 kwenye mfano huo huo, a ikiwa makadirio ya A na b ya B, milinganyo inakuwa:

2,200a + 900b = 11,400
900a + 2,200b = 8,700

Jibu ni A = +4.3, B = +2.2. A bado yuko juu, lakini B hakutupwa. Na katika ile hali ya kwanza, ambapo hawajawahi kutengana, riji inawagawia sawa: +3.2 kila mmoja. Ikiwa hujui nani kafanya kazi, kugawa sawa ndiyo hukumu ya busara, ila kumbuka kwamba ni kugawa, si kupima. Ukikuta wachezaji wawili wa timu moja wenye namba zinazofanana, hesabu kwanza umiliki ambao mmoja alicheza bila mwenzake.

Lamda usiinakili kwa mtu. Inategemea jinsi ulivyoweka uzito na ukubwa wa data yako. Gawa michezo, si vipande, katika mafungu matano au kumi. Jenga kwa mafungu yote isipokuwa moja, tabiri lile lililobaki, rudia kwa kila fungu, kisha chagua lamda yenye makosa madogo. Ukigawa vipande badala ya michezo, vipande vya mchezo mmoja vitaangukia pande zote mbili na jaribio litakudanganya.

Mitego miwili ya programu. Kifurushi cha glmnet cha R hugawa makosa kwa idadi ya mistari, ilhali Ridge ya scikit-learn, kifurushi cha Python, haigawi, hivyo lamda ya kimoja ukiihamishia kwingine itakuwa na maana tofauti kabisa. Pia glmnet husawazisha safu zote isipoambiwa vinginevyo. Kizime kipengele hicho kwa standardize = FALSE. Kisipozimwa, mchezaji mwenye dakika chache hupewa adhabu ndogo kuliko mwenye dakika nyingi, yaani kinyume cha unachokitaka, na kileleni mwa orodha utawakuta watu waliocheza mara nne msimu mzima.

Kasoro iliyobaki ni hiyo sifuri yenyewe. Riji humvuta kila mtu kuelekea wastani wa ligi. Mchezaji wa mwisho wa benchi mwenye umiliki 80 atatoka karibu na 0, na sifuri ni sifa kubwa kwake. Kocha hamweki benchi bure. Kwa hiyo matoleo bora huanza na makisio ya awali kwa kila mchezaji, kutoka misimu iliyopita au kutoka jedwali la takwimu, na kumvuta kuelekea hayo badala ya sifuri. Kiutendaji ni rahisi: toa mchango wa makisio hayo kwenye jibu la kila mstari, endesha riji kwa kilichobaki, kisha rudisha makisio kwa kujumlisha. Misimu miwili au mitatu ikiunganishwa, ya zamani ikipewa uzito mdogo, husaidia kuliko ujanja mwingine wowote wa hesabu.

Unayefuatilia timu moja bila data ya ligi nzima, weka safu za wachezaji wako peke yao, na wapinzani wawakilishwe na safu moja yenye tofauti ya pointi ya timu yao ya msimu kwa umiliki 100. Haitashindana na RAPM kamili, lakini itakuondolea kosa la kumsifu mchezaji kwa kuwachezea wapinzani dhaifu.

Hatua ya 6: Vipimo vya jedwali

BPM (Box Plus-Minus, plasi-mainasi inayokadiriwa kutoka jedwali la takwimu) ya Daniel Myers, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2020, inakwenda kinyumenyume: imechukua RAPM ya miaka mingi, ikatafuta takwimu zipi za jedwali zinaitabiri, kisha ikasawazisha wachezaji wa timu ili jumla yao iendane na tofauti ya pointi ya timu. Faida yake ni kwamba inatulia mapema. Michezo 20 inakupa kitu cha kusoma, wakati RAPM ya michezo 20 ni kelele. Hasara yake ni ulinzi. Jedwali lina wizi, bloku na ribaundi, basi, na mlinzi anayefanya kazi yake kwa miguu haonekani.

Kipimo chake ni pointi kwa umiliki 100 juu ya mchezaji wa wastani. Kwa NBA, 0 ni mwanzaji wa kawaida, +4 ni mtu wa kufikiriwa kwa mchezo wa nyota, +8 ni kiwango cha mchezaji bora wa msimu, na −2 ni wa benchi anayeweza kupatikana wakati wowote.

PER (Player Efficiency Rating, kipimo cha ufanisi wa mchezaji) ya John Hollinger, ambayo wastani wake umewekwa 15, haipimi mchango kwenye matokeo. Inampendelea anayetupa sana, na ulinzi imeuacha karibu wote. Itumie kuona nani ana mzigo mkubwa wa mashambulizi, basi.

Hatua ya 7: Geuza kuwa pointi za mchezo

Namba kwa umiliki 100 haina maana mpaka uizidishe na muda. Mchezaji wa +4 anayecheza dakika 30 kati ya 40, timu ikiwa na umiliki 72 kwa mchezo, yuko uwanjani kwa umiliki 54. Mchango wake ni 4 × 0.54, pointi 2.2 kwa mchezo. Mwenye +6 anayecheza dakika 12 yuko kwa umiliki 21.6 na analeta 1.3. Wa kwanza ana thamani zaidi ingawa namba yake ni ndogo. Tena usidhani wa pili angebaki na +6 akiongezewa dakika. Kocha humchagulia vipande vinavyomfaa.

Kwa msimu wa NBA wa michezo 82, pointi moja ya tofauti kwa kila mchezo ni takriban ushindi 2.7. Kwa ligi nyingine usikopi namba hiyo: chora tofauti ya pointi ya kila timu dhidi ya asilimia ya ushindi, ukatafute mteremko wako.

Vipimo vikipingana

Itatokea mara nyingi: BPM −1, RAPM +3. Usichukue wastani ukaondoka. Fuata mpangilio huu. Kwanza, asilimia ya mitupo ya pointi tatu ya wapinzani na ya wenzake akiwa uwanjani. Ikiwa iko mbali na kawaida yao, RAPM ndiyo iliyobahatika. Pili, mwenzake aliyecheza naye zaidi. Wakiwa pamoja kwa zaidi ya asilimia 85 ya umiliki wake, RAPM imegawa tu. Tatu, namba zake za msimu uliopita.

Akipita yote matatu, kuna kitu anafanya ambacho jedwali halikioni. Rudi kwenye mambo manne ya hatua ya tatu uone pengo liko wapi, kisha toa video ya mashambulizi 40 ya wapinzani akiwa ndani na 40 akiwa nje, yachanganye, na uandike kila shambulizi liliishia mtupo wa aina gani na kutoka wapi. Tazama bila kujua matokeo ya mtupo. Kata kila kipande mpira unapotoka mkononi.